Vitabu Vimeota Ukungu: Kabla Hujapiga Dawa Yoyote

Masika yakimalizika, mwambao mzima una kabati linalonuka. Linaweza kuwa la msikiti, la skuli, la ofisi ya wilaya, au la babu aliyeacha msahafu wa mkono, barua na picha za harusi. Ukilifungua unakuta unga wa kijani au wa kijivu kwenye migongo ya vitabu, na kabla ya magharibi umeshapewa ushauri wa kila aina: paka Jik, weka naftalini, fukiza, ita watu waje wapige dawa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetunza mkusanyiko wa namna hiyo bila maabara na bila bajeti ya maana. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mara nyingi hakuna dawa inayohitajika. Kinachohitajika ni kukausha, kusafisha kwa brashi, na kuuzuia unyevu usirudi. Dawa inakuja mwisho, kwa sehemu ndogo, na nyingi kati ya zinazosifiwa mitaani humuumiza mtu na karatasi kuliko zinavyouumiza ukungu.

Sababu ni hii. Mbegu za ukungu zimo hewani kila mahali, mwaka mzima. Ukiziua zilizo kwenye kitabu leo, kesho zinatua nyingine. Kinachoamua kama zitaota ni unyevu: hewa ya chumba ikikaa siku kadhaa juu ya asilimia 65 hadi 70 zinaanza kuamka, na kitabu kilicholowa maji siku mbili tu zinatosha. Halafu kuna jambo ambalo wauza dawa hawalisemi. Ukungu uliokufa bado unaleta mzio, bado unachafua na bado ni vumbi la kuvutwa puani. Kuuua na kuuacha palepale hakujamsaidia mtu.

Hatua ya 1: Jikinge

Usianze na kitabu, anza na mapafu. Vumbi la ukungu huleta mafua yasiyoisha, macho kuwasha, kifua kubana na pumu kupanda. Wako watu wasiofaa kabisa kuigusa kazi hii: mwenye pumu, mjamzito, anayetibiwa saratani, anayetumia dawa zinazoshusha kinga, na yeyote ambaye kinga yake iko chini kwa sababu nyingine. Husahauliwa mmoja: aliyewahi kuugua kifua kikuu. TB inaweza kuacha matundu kwenye mapafu hata baada ya mtu kupona, na ukungu wa jamii ya Aspergillus, ambao ni miongoni mwa unaopatikana sana kwenye vitabu, unaweza kujenga makazi humo. Kwa nchi zetu hilo si jambo la mbali. Muulize kila msaidizi, kwa faragha, kabla hujampa brashi.

Barakoa ya kitambaa haitoshi, wala ile ya buluu ya hospitali, kwa sababu hewa hupita pembeni. Tumia N95, FFP2 au FFP3, na ihakikishe imeshika uso pande zote. Kwenye ndevu haishiki. Msikitini hili ni tatizo la kweli, na jawabu lake ni kugawana kazi: mzee mwenye ndevu zake akae mbali na vumbi, aandike orodha na apokee vitabu vilivyokwisha kusafishwa.

Kisha elewa mpaka wa barakoa hiyo. N95 huzuia vumbi, haizuii mvuke. Ukisikia harufu ya spiriti (tutaifikia Hatua ya 5) ukiwa umeivaa, haijaharibika. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Anayeshinda na spiriti kwa saa nyingi anahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio. Kwa mfumo wa Ulaya kichujio cha mvuke wa aina hii kina mstari wa kahawia na herufi A, na kinachozuia mvuke pamoja na vumbi huandikwa A2P3. Kichujio cha A peke yake hupitisha vumbi.

Glavu ziwe za naitraili. Miwani ifunike na pembeni. Vaa koti au overoli, funika kichwa, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Usile wala kunywa chai pale pale. Ukianza kubanwa kifua au kichwa kuzunguka, toka nje na usirudi siku hiyo. Ikiwa dawa imehusika, nenda hospitali na chupa yake au lebo yake, maana daktari atauliza umevuta nini.

Hatua ya 2: Hakikisha ni ukungu kweli

Unga mweupe kwenye jalada la ngozi huenda ni mafuta ya ngozi yenyewe yaliyopanda juu. Madoa madogo ya kahawia yaliyotapakaa kwenye kurasa za kitabu cha zamani mara nyingi hayaoti tena chochote. Ukungu una nyuzi nyuzi. Utazame kwa kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu na uivute.

Hapa pana hatari isiyohusu ukungu hata kidogo. Wanyama na ndege waliokaushwa kwa ajili ya makumbusho na maabara za skuli za zamani walipakwa arseniki, na baadhi ya mikusanyiko ya mimea ilitiwa chumvi ya zebaki ili wadudu wasile. Unga mweupe kwenye miguu ya ndege wa aina hiyo unaweza kuwa sumu iliyowekwa na mtayarishaji wake. Usiupige brashi. Uache, funga mlango, utafute mtu wa makumbusho. Hali kadhalika vitabu vya karne ya 19 vyenye jalada la kitambaa cha kijani kibichi kinachong'aa: tangu 2019 jumba la makumbusho la Winterthur, Marekani, limekuwa likivipima vitabu hivyo, na baadhi vimekutwa na rangi yenye arseniki. Maktaba zetu zilizorithi vitabu vya wamisionari na vya serikali ya kikoloni zinaweza kuwa navyo. Glavu, mfuko wa plastiki, alama ya onyo, basi.

Ukishajua ni ukungu, jua hali yake. Uguse kidogo kwa ncha ya brashi. Ukipakazika na kuacha mchirizi, bado ni mbichi na unakua. Ukitoka kwa vumbi kavu, umelala. Mbichi hausafishwi, kwa sababu utauingiza ndani ya karatasi. Kwanza ukaushe.

Hatua ya 3: Tenga na ukaushe

Vitabu vyenye ukungu vitie kwenye mifuko au maboksi kabla hujavipitisha kwenye vyumba vingine. Mfuko ni wa safari tu. Kitabu chenye maji kikilala ndani ya plastiki iliyofungwa, kesho yake kitakuwa kibaya zaidi.

Kikaushie kivulini penye upepo: kisimamishe, kifungue kidogo, weka karatasi ya kufyonza kila baada ya kurasa chache na uibadilishe inapolowa. Najua wengi huanika juani, na ni kweli jua huua baadhi ya ukungu. Lakini jua la saa saba mchana hukunja majalada, hukakamaza ngozi na hupausha wino. Barua ya mwaka 1900 si mpunga.

Vikiwa vingi na vimelowa, kwa mfano paa limevuja, friza ni rafiki. Vifungie kimoja kimoja kwenye plastiki au karatasi ya nta, viweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, katika friza isiyo na chakula. Baridi haiui ukungu. Inausimamisha, ukapata wiki au miezi ya kujipanga. Picha za zamani za vioo usizigandishe.

Hatua ya 4: Brashi, na subira

Hii ndiyo kazi yenyewe, ingawa haina harufu ya dawa wala haimpi mtu sifa ya kuwa fundi.

Toka uani au barazani, mbali na jiko na watoto. Simama upepo uko mgongoni mwako, uchukue vumbi kwenda mbele, pasipo na dirisha la jirani. Tandika magazeti yenye unyevunyevu chini ili vumbi linase. Chukua brashi laini ya manyoya, ya rangi za maji au ya kinyozi, iliyo kavu na mpya.

Kishike kitabu kimefungwa na ukibane sawasawa, ili vumbi lisiteleze katikati ya kurasa. Anza ukingo wa juu, ndipo ukungu hukaa zaidi kwa sababu vumbi hutua hapo. Piga brashi kutoka kwenye uti wa kitabu kwenda nje, upande mmoja tu, bila kurudisha. Kisha ukingo wa mbele, wa chini, majalada, na mwisho ule mfereji kati ya jalada na uti ambao kila mtu huusahau. Ndipo ukifungue kurasa zenye ukungu, moja baada ya moja. Ukiona wino unamomonyoka au karatasi inachanika kwenye mistari ya maandishi, acha. Wino wa zamani wenye chuma hula karatasi, na ukurasa wa namna hiyo haustahimili hata unyoya.

Mashine ya kunyonya vumbi ni bora kuliko brashi peke yake, kwa sharti moja: iwe na kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa mikromita 0.3. Ya kawaida hunyonya mbele na kuzitema mbegu kwa nyuma, chumba kizima kikapata. Funika mdomo wake kwa kipande cha chandarua ili isimeze vipande vya karatasi, na uiweke nguvu ya chini.

Kwa misahafu na vitabu vya dini, panga na wenyewe kabla hujaanza: nani ashike, afanyeje, na vipande vya kurasa vilivyodondoka vitunzwe wapi. Weka bahasha kwa kila kitabu. Kipande chenye herufi mbili si takataka.

Ukimaliza, doa litabaki. Liache. Doa ni rangi iliyoingia kwenye nyuzi za karatasi, halikui wala haliambukizi. Watu huchukua Jik kwa sababu ya doa, na hapo ndipo hasara huanza.

Hatua ya 5: Kama bado unafikiri unahitaji dawa

Inayoruhusiwa nyumbani na kwenye ofisi ndogo ni moja tu, spiriti, yaani ethanoli ya asilimia 70, na hata hiyo ni kwa majalada ya kitambaa, maboksi na rafu. Watu hudhani asilimia 96 ina nguvu zaidi. Sivyo: bila maji ya kutosha huruka kabla haijapenya kwenye chembe hai. Ukiwa na ya asilimia 96, changanya vikombe vitatu vya spiriti na kimoja cha maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotoneshwa, na utakuwa umefika karibu. Tengeneza kiasi cha siku hiyo tu, na uiandike chupa. Chupa ya maji ya kunywa iliyotiwa spiriti bila lebo imeshaua watu.

Spiriti ya kuwashia jiko, hasa ile yenye rangi, usitumie. Rangi yake hutia doa, na mara nyingi ina methanoli ambayo ni sumu hata kwa kupitia ngozi. Jeli ya kusafishia mikono pia si mbadala, ina vitu vya kulainisha ngozi ambavyo hubaki kwenye karatasi na kunata.

Jaribu kwanza. Lowesha kijiti cha pamba, gusa mahali pasipoonekana, subiri sekunde chache, kisha bana kwa karatasi nyeupe. Rangi ikihamia kwenye karatasi, spiriti haiguswi hapo. Wino wa mhuri, wino wa kalamu ya bolipeni, rangi za kitambaa na vanishi huyeyuka. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, kama ile ya Siyu katika kisiwa cha Pate, ina wino mwekundu pamoja na mweusi. Usijaribu hata jaribio lenyewe juu ya maandishi. Ngozi nayo hutolewa mafuta yake ikawa kavu na kupasuka. Picha usizipake kitu chochote, maana uso wake ni jelatini, na jelatini iliyoliwa na ukungu hutoka na kitambaa unachofutia.

Yaliyopita jaribio, futa kwa pamba iliyokamuliwa, si inayodondosha. Usipulizie kwa chupa ya spreyi. Matone yake madogo unayavuta, na mengine yanaelea yakisubiri cheche. Ethanoli ya asilimia 70 hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia kama nyuzi 17 za joto. Pwani hatuna siku ya nyuzi 17, kwa hiyo kila chupa iliyo wazi iko tayari kuwaka saa zote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa, chetezo, sigara au swichi ya friji. Zima vyote, fungua milango, kaa na ndoo ya mchanga karibu. Pamba zilizotumika zitandaze nje zikauke kabla ya kuzitupa.

Dawa za kukataa, na kwa nini

*Jik.* Klorini hula nyuzi za karatasi, hufuta wino wa chuma na huendelea kula baada ya wewe kwenda kulala. Mahali pake ni sakafu ya vigae na ukuta wa saruji, baada ya vitabu kutolewa chumbani. Usiichanganye na siki wala dawa ya chooni yenye asidi, itatoa gesi ya klorini. Wala na amonia. Wala na spiriti. Chumba kidogo kisicho na dirisha kinatosha kumlaza mtu hospitali.

*Dawa za kuua vijidudu za hospitali na za kudekia.* Nyingi zina benzalkoniamu kloraidi. Pango la Lascaux huko Ufaransa, lenye michoro ya kale, lilishambuliwa na ukungu mweupe mwaka 2001, likapigwa dawa hiyo kwa muda mrefu. Ukungu ule ulipungua, lakini watafiti wakakuta bakteria waliozoea dawa wametawala kuta, na baadaye mabaka meusi ya ukungu wa aina nyingine yakatokea. Wale walikuwa na wataalamu na fedha za serikali.

*Fomalini.* Bado naisikia ikipendekezwa, kwa hoja kwamba kama inahifadhi maiti itahifadhi na kitabu. Hukakamaza ngozi na jelatini, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Isiingie ndani ya nyumba.

*Thaimoli.* Ni fuwele zenye harufu kali. Vitabu vya mafunzo vya zamani vinaelekeza uiweke kwenye kabati lenye balbu chini yake, ipate moto na kufukiza. Baada ya mafuriko ya Florence, Italia, ya Novemba 1966 karatasi zilizotiwa thaimoli ziliwekwa katikati ya kurasa za vitabu vilivyolowa. Siku hizi tunajua kwamba haiachi kinga yoyote baada ya mvuke kuondoka, hulainisha rangi na vanishi, na inawadhuru wanaoivuta. Ukikuta kabati la aina hiyo stoo, lichukue kama kumbukumbu ya ofisi, usiliwashe.

*Ethilini oksaidi.* Gesi hii inaua ukungu kweli, na kwa miongo mingi maktaba kubwa za Ulaya na Marekani ziliitumia ndani ya mitambo iliyofungwa. Tatizo ni kwamba hulipuka, ni sumu, iko kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1994, na hunasa kwenye ngozi na karatasi kisha ikatoka polepole mbele ya msomaji. Ukipokea mkusanyiko kutoka nje wenye mhuri wa kufukizwa, ulizia umefukizwa na nini, na uuache upate hewa kabla ya kuupeleka kwenye chumba cha kusomea.

*Methili bromaidi.* Ni gesi ya kufukizia wadudu. Inatoboa tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiacha kufikia 2015, isipokuwa kwa kazi maalumu kama za karantini. Ikikutana na sufu, manyoya, mpira au ngozi huacha uvundo usiotoka.

*Vidonge vya kuhifadhia mahindi.* Hapa naomba usome polepole. Ni alumini fosfaidi. Vikipata unyevu wa hewa, na pwani unyevu haukosekani, hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za dari, na imeua familia zilizolala chumba cha pili. Haina dawa ya kuipindua. Ukungu wenyewe haikutengenezewa, na juu ya hayo huila shaba, ikaharibu kufuli na mapambo ya masanduku. Hakuna kitabu duniani kinachostahili kidonge hicho ndani ya nyumba ya watu.

*Naftalini na vidonge vya chooni vyenye paradaiklorobenzini.* Ni vya nondo, haviondoi ukungu kwa kiasi kinachowekwa kabatini, na hulainisha plastiki za albamu za picha. Mtoto akivimeza ni dharura, na mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu Afrika Mashariki, naftalini inaweza kumvunjia chembe nyekundu za damu.

*Udi, ubani na karafuu.* Hapa sisi wa pwani tunajitetea sana. Kufukiza kabati kunabadilisha harufu, basi. Moshi huacha lami nyembamba juu ya karatasi, na chetezo karibu na karatasi kavu ni moto unaosubiri. Karafuu kavu kwenye kijifuko hazina neno, ila mafuta yake yakigusa ukurasa ni doa la kudumu. Majani ya mwarobaini hufukuza baadhi ya wadudu, ukungu haujali.

Hatua ya 6: Watu wa kupiga dawa wakija

Wakati mwingine uamuzi si wako. Mkubwa ameshaagiza, na vijana wenye mapipa mgongoni wako getini. Kabla hawajaingia, dai vitu hivi kwa maandishi: jina la kiambato chenyewe, si jina la biashara, karatasi ya usalama ya kemikali hiyo, namba ya usajili wake, na muda ambao watu hawatakiwi kuingia. Kwa Tanzania Bara viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kemikali nyingine ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya ni Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, PCPB. Zanzibar ina mamlaka zake.

Uliza pia: dawa hii ni ya wadudu au ya ukungu? Mara nyingi jawabu ni ya mende na mchwa, na hapo mjadala umekwisha. Uliza kama imewahi kupigwa kwenye karatasi na ngozi, na itaacha masalia gani. Akikuambia haina madhara yoyote, mshukuru na umsindikize. Ikibidi chumba kipigwe, vitabu vitoke kwanza.

Hatua ya 7: Chumba

Nunua kipimo cha unyevu cha dijitali, ni rahisi kuliko dawa yoyote niliyoitaja. Kijaribu hivi: tia chumvi kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji kidogo mpaka iwe rojo bila kuyeyuka, ifunge na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiache mpaka kesho. Kipimo kisome asilimia 75. Kikisoma 80, ujue daima kinaongeza 5.

Lenga chini ya 65, ukiweza chini ya 60. Wakati wa masika hutafika kwa kufungua madirisha, maana hewa ya nje yenyewe imelowa. Fungua saa za mchana zilizo kavu, funga jioni. Feni inayozungusha hewa husaidia hata namba isiposhuka, ila isiwashwe kabla ukungu haujasafishwa. Kiyoyozi kinachozimwa saa tisa na nusu ofisi ikifungwa, na kuwashwa kesho asubuhi, ni kibaya kuliko kutokuwa nacho: usiku hewa yenye unyevu huingia na kukutana na kuta baridi, vitu vikatota.

Nyumba za Mji Mkongwe na Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunyonya maji kutoka chini. Kabati lisiegemee ukuta wa nje. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 nyuma, na rafu ya chini isiguse sakafu. Vitabu visibanane. Vifuko vya silika, vile vinavyofyonza unyevu, vinafaa ndani ya boksi lililofungwa vizuri, lakini chagua vya rangi ya machungwa badala ya vile vya buluu, ambavyo rangi yake ni chumvi ya kobalti, nayo ni sumu. Mchele usiweke, utaleta wadudu.

Hatua ya 8: Andika

Ndani ya kila boksi weka kadi: tarehe, ukungu ulikuwa wapi, umetumia brashi au spiriti, sehemu gani, nani amefanya. Kwa penseli, kwa sababu wino huenda na maji. Kama kuna dawa yoyote iliyowahi kupigwa zamani, hata kwa kusikia tu, iandike na useme nani alikwambia. Mikusanyiko yetu mikubwa, kama ile ya miswada ya Kiarabu ya Zanzibar iliyoingia kwenye Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2003, itashikwa na mikono mingi baada yetu, na atakayefungua boksi miaka 40 ijayo ana haki ya kujua anavuta nini.

Rudi baada ya wiki mbili na kioo cha kukuzia, kisha kila mwezi mpaka vuli ipite. Ukungu ukirudi mahali pale pale, usiongeze dawa. Tazama nyuma ya kabati, halafu panda juu ukatazame bomba la maji na paa.